Msamaha wa Mtani

Korotimi aliijua sauti ya pikipiki ile kabla haijavuka kijito. Kwa miezi mitatu alikuwa akiuambia moyo wake utulie na moyo ukimwitikia vizuri tu, lakini asubuhi hiyo ulimsaliti pale pale. Kisu chembamba cha kupakia tope kikateleza mkononi. Mstari uliotakiwa kwenda wima ukapinda, na Bibi Sanaba, aliyekaa upande wa pili wa kitambaa, akauona.

"Urekebishe," Bibi alisema. "Halafu unawe uso. Una tope shavuni."

Masikio yake yalikuwa mazima, na pikipiki alikuwa ameisikia yeye pia.

Wiki moja kabla, ukoo wa Siriman ulikuwa umeleta taarifa kwamba ungekuja na mbegu kumi za kola, zile chungu za kutafunwa, kama inavyofanywa pale nyumba ya mwanamume inapoomba binti. Baba yake Korotimi, anayelima kakao kusini, mbali huko nchi ya jirani, alipopigiwa simu alisema jambo moja tu: mama mkwe wake, yaani Bibi Sanaba, ndiye aliyelea, basi jibu la mama mkwe ndilo jibu lake. Kwa hiyo maisha ya Korotimi yote, arusi yake na mwanamume aliyempenda, yalikuwa yamewekwa kwenye mdomo wa mwanamke mmoja mzee ambaye tangu mwisho wa mvua hakuwa amelitaja jina la Siriman hata kwa kumlaani.

Siriman Traoré ni fundi cherehani wa Bamako. Mwaka juzi alifika Dorobugu, kijijini kwao Korotimi, na begi moja, akaomba afundishwe nguo ya tope, ile ya pamba inayochorwa kwa tope jeusi. Bibi Sanaba hakuwahi kumfundisha mwanamume, maana kazi ile ni ya wanawake tangu zamani, lakini huyu alimkubali kwa sababu moja ya kipuuzi. Yeye ni Diarra, kijana ni Traoré, na koo hizo mbili ni watani tangu enzi za mababu. Bibi aliwaambia majirani kwamba akimfukuza Traoré, mchana kutwa atamtukana nani?

Siriman akabeba majani ya mti wa ngalama, akayatwanga, akayaloweka, akavichovya vitambaa mpaka vikawa vya manjano na vidole vyake navyo. Akajifunza kwamba tope la bwawani halichotwi leo likatumika leo. Hukaa chunguni mwaka mzima mpaka lichache. Siku chungu kilipofunuliwa mbele yake kwa mara ya kwanza, alikimbilia nyuma ya ghala akatapika, na Korotimi akacheka mpaka akakaa chini. Mapenzi yao yalianzia hapo, kwenye matapishi, na asiyeamini shauri yake.

Tatizo lilikuwa nguo ya marehemu Sitan.

Katika nyumba ya Bibi Sanaba kuna mchoro mmoja unaoitwa Njia ya Kurudi. Mama humchorea binti yake anayekwenda kuolewa, na maana yake ni kwamba mlango wa kwao haufungwi. Pembe moja ya nguo huachwa tupu. Binti akijifungua mtoto wake wa kwanza, mama hufunga safari na chungu chake cha tope, akaijaza pembe ile kwa mkono wake mwenyewe. Sitan, binti pekee wa Bibi, alifariki siku aliyomzaa Korotimi. Bibi alifika na chungu kichwani akakuta watu wamekaa matangani. Pembe ile ikabaki tupu miaka ishirini na minne, nguo ikiwa imekunjwa ndani ya sanduku la bati.

Siku moja Bibi alipokwenda gulioni, Korotimi alilifungua sanduku. Alitaka Siriman amwone mama yake, maana hakuwa na picha yake wala kitu kingine cha kumwonyesha. Siriman aliitazama nguo kwa muda mrefu, macho yakamlengalenga, kisha akauliza kama anaweza kuipiga picha kwa simu. Nani angemkatalia mtu anayemtazama hivyo? Korotimi akasema piga.

Miezi michache baadaye, Siriman akiwa amerudi mjini, mchoro ule ulikuwa juu ya mito ya kukalia aliyoishona na kuiuza katika nyumba za wageni za Bamako. Bibi aliuona kwenye sherehe ya kumpa mtoto jina huko mji wa Kati, ukiwa chini ya makalio ya bwana mmoja mnene. Alimwomba bwana yule ainuke kidogo. Akaugeuza mto, akaona kwamba pembe tupu imejazwa nyota ndogo nzuri nzuri. Akamrudishia mto wake, akamshukuru, akapanda gari la kwanza kurudi nyumbani. Kitambaa cheupe alichokuwa amekisokotea nyuzi kwa ajili ya nguo ya arusi ya Korotimi akakikunja, akakifungia.

"Mchoro wa mama yako umekaliwa," alimwambia. "Siwezi kukuvisha nguo yake."

Na katika nyumba ile msichana haondoki bila nguo hiyo. Kwa hiyo hapakuwa na ugomvi wala kelele, arusi ilikufa tu. Jioni hiyo Korotimi alimpigia Siriman simu, akamwambia maneno ambayo mpaka leo hapendi kuyakumbuka, akaizima. Bibi alipomtuma mtu kwenda kumuuliza Siriman nguo aliionea wapi, kijana alijibu kwamba alilifungua sanduku mwenyewe, kwa siri. Alikubali kuitwa mwizi. Korotimi alilisikia jibu hilo, akanyamaza.

*

Walikuwa wawili. Siriman aliegesha pikipiki nje ya ukuta, na aliyetangulia kuingia ni baba yake mdogo, Tiemoko, mtu wa tumbo kubwa na mdomo mkubwa kuliko tumbo, kikapu cha kola kimefunikwa kwa majani mapana mkononi mwake.

"Naona moshi jikoni," Tiemoko alisema kabla hata ya salamu. "Kwa Diarra ukiona moshi, jua ni maharage."

"Na Traoré akiona moshi huja mbio," Bibi akamjibu bila kuinua kichwa. "Karibu, mtani. Nimebakiza makombo ya mbuzi wangu, utakula."

Wakacheka wote wawili, maana utani ni deni lisilokwepeka, hata siku ya msiba. Wakaulizana habari za nyumba, za mashamba, za punda, za watu waliokufa na waliozaliwa. Wakati wote huo Siriman alisimama nyuma ya baba yake mdogo. Alikuwa amekonda. Ukosi wa shati ulikuwa umemlegea shingoni, na begani alining'iniza gunia. Korotimi aliapa kwamba hatamtazama. Akamtazama. Siriman naye alikuwa akimtazama, na wote wawili wakashusha macho kama watoto waliokamatwa na sukari. Nampenda, Korotimi alijiambia, na alilisema kwa hasira, kwa sababu alikuwa amejitahidi sana lisiwe kweli.

Tiemoko hakuwa mtu wa kuzunguka. Aliweka kikapu chini, akavua kofia, na mbele ya macho ya watu akajilaza chali kwenye vumbi, tumbo likitazama mbingu, karibu kabisa na pale kitambaa kilipotandazwa.

"Mtani," alisema akiwa amefumba macho, "mtoto wetu amekosa. Sikatai. Lakini mimi Traoré nimelala mlangoni kwa Diarra, na siinuki mpaka useme yamekwisha. Ukikataa nitafia hapa hapa, na mtanizika nyinyi, na mimi ni mzito."

Majirani waliokuwa wakichungulia juu ya ukuta waliangua kicheko. Korotimi hakucheka. Alijua, kama kila mtu pale alivyojua, kwamba mambo yalikuwa yamemalizika. Mtani akilala mlangoni kwako akakuomba, huwezi kumnyima. Hata mwenye damu ya nduguye mikononi husamehewa kwa njia hiyo. Bibi angetikisa kichwa, angecheka, angesema yamekwisha, na kola zingepokewa kabla jua halijawa kali. Korotimi alihisi furaha ikimpanda kifuani. Kisha akaiona mikono ya Bibi.

Ilikuwa imeshika ukingo wa kitambaa, na ilikuwa imekaza. Uso wa Bibi ulikuwa ukitabasamu kama utani unavyotaka, lakini mikono haikuwamo katika utani ule. Furaha ya Korotimi ikageuka aibu.

"Basi, mtani," Bibi alianza, sauti ikiwa chini, "kwa kuwa ni wewe…"

"Baba mdogo, inuka," Siriman alisema.

Tiemoko alifumbua jicho moja.

"Nakuomba uinuke," Siriman akarudia. Akapita pembeni ya mzee, akapiga magoti mbele ya Bibi, mbali kidogo na kitambaa ili asikikanyage. "Bibi, usimalize hilo neno. Msamaha wa utani siutaki."

"Huyu mtoto amerogwa," Tiemoko alisema, akijaribu kuketi. "Mtu anapewa asali anauliza habari za nyuki. Siriman, funga mdomo. Mama alikuwa anamalizia."

"Alikuwa anamalizia kwa sababu umemlazimisha."

"Ndiyo kazi ya utani! Ulifikiri tumekuja na nini kingine, na sura yako?"

Siriman alimgeukia Bibi.

"Bibi, mchoro wako niliuchukua bila kupewa," alisema. "Leo nikiondoka na msamaha ambao huwezi kuninyima, na huo nitakuwa nimeuchukua. Nitakuwa sijajifunza kitu. Kama unataka kunifukuza, nifukuze. Nitaumia, sitakudanganya, lakini liwe neno lako mwenyewe."

Nje ya ukuta kicheko kilikuwa kimekatika. Bibi alikiachia kitambaa, akaweka mikono yake mapajani, akamtazama kijana yule kwa mara ya kwanza tangu afike.

"Kwenye gunia kuna nini?"

Siriman akamwambia ni ile mito ya kukalia. Alizunguka nyumba za wageni moja baada ya nyingine akiiomba. Minne hakuipata: mitatu wenyewe walikataa kuitoa, na mmoja ulikuwa umekwenda Ulaya na mgeni. Aliisema hesabu hiyo bila kuipunguza. Tiemoko, ambaye njiani alikuwa amemshauri aseme ameipata yote, akajipiga kofi la paji la uso.

"Nikuulize jambo," Bibi alisema. "Uliishi kwangu. Ulikula bakuli moja na sisi. Ile pembe, kwa nini uliijaza?"

Masikio ya Siriman yalikuwa mekundu kwa vumbi na kwa aibu.

"Nilifikiri ni kosa. Nilifikiri aliyechora alichoka, au tope lilimwishia. Nikasema nimsaidie."

"Ukamsaidia."

"Ndiyo, Bibi. Sikuuliza. Ningeuliza neno moja tu, ungeniambia."

"Nilichoka siku ile," Bibi alisema taratibu. "Hapo hukukosea. Nilitembea kutoka alfajiri na chungu kichwani. Nilichoka sana."

Machozi yalimtoka Korotimi yenyewe. Alijua sasa kwamba akikaa kimya tena, hata kama ataolewa na kuzaa watoto kumi, kimya hicho kitalala naye kitandani. Akaweka kisu chini.

"Bibi, Siriman hakufungua sanduku," alisema. "Nililifungua mimi. Niliitoa nguo, nikamwambia apige picha. Amekuwa akinifichia."

"Koro, acha," Siriman alinong'ona.

"Siachi. Wewe umekuwa mwizi miezi mitatu kwa ajili yangu, na mimi nimekula ugali." Akamgeukia Bibi. "Nilitaka amjue mama. Sikumwambia habari ya pembe kwa sababu nikianza kuisema huwa nalia, na sikutaka alione hilo. Kwa hiyo hata lile kosa la nyota, nusu ni langu."

Alingoja hasira. Bibi alitoa kitambaa kidogo kiunoni, akajifuta macho, akapenga kamasi kwa kishindo.

"Nilijua," alisema. "Mimi nguo ile naikunja mchoro ukiwa ndani, vumbi lisiuguse. Niliikuta imekunjwa mchoro nje. Traoré gani anajua kukunja nguo? Ni wewe, mwenye haraka tangu tumboni." Akavuta pumzi. "Nilikuwa nangoja nisikie nani ataanza kusema. Wewe umechelewa, lakini umefika."

"Kwa hiyo mtani yamekwisha?" Tiemoko aliuliza kwa matumaini kutoka kule chini.

"Wewe kaa hapo hapo, tumbo lako linanikinga upepo."

Akakivuta kikapu, akafunua majani. Alizipapasa kola moja moja, akachagua nyekundu iliyojaa, akaipasua kwa ukucha. Nusu akaiweka mdomoni mwake. Nusu akampa Siriman, naye akaipokea kwa mikono miwili.

"Hii haihusu arusi," Bibi alisema. "Hii ndiyo kola uliyotakiwa kuja nayo mwaka jana. Tafuna. Haya, niombe mchoro."

Siriman akatafuna. Uchungu wa kola ulimkunja uso. Korotimi aliogopa, maana alimjua mtu wake: cherehani zake zilikuwa kimya tangu aache kuushona mchoro ule, na ndio uliokuwa umeanza kumpa jina mjini.

"Bibi Sanaba Diarra," Siriman alisema, "nakuomba Njia ya Kurudi. Nakuomba uniruhusu niichore."

"Hapana," Bibi alisema.

Tiemoko akainua kidole, akaanza kueleza kwamba labda kwenye mapazia tu, mapazia hayakaliwi, watu huyatazama kwa heshima, na jina la Bibi lingeshonwa pembeni kwa uzi wa dhahabu.

"Baba mdogo, amesema hapana," Siriman alimkatiza, bila ukali. Akainamisha kichwa mbele ya Bibi. "Nimesikia, Bibi. Asante kwa kunijibu. Sitauchora, na mwanangu hatauchora, na fundi wangu nikimwona nao nitamwambia ni wa nani na kwa nini."

Bibi alimtazama akitafuna. Alikuwa akitafuta kinyongo usoni mwake, na alitafuta kila mahali. Kisha mabega ya Bibi yakashuka. Akamwambia kwamba ipo michoro ya soko, ile ya magamba ya mamba na ya mgongo wa kenge, ambayo haina mwenyewe. Hiyo achore mpaka mkono umkauke, ila kwa kila nguo akitaje kijiji alikojifunza na mwanamke aliyemfundisha, ili watu wasidhani tope limezaliwa Bamako. Siriman aliitikia kila neno. Korotimi alimwona analia bila kujificha, mwanamume mzima, pua inamtoka, na hakuwahi kumpenda kama alivyompenda dakika hiyo.

"Zimebaki tisa," Bibi alisema, akikisukuma kikapu kuelekea kwake. "Hizo ulikuja nazo kwa shughuli gani?"

Siriman alijipangusa pua kwa mkono wa shati.

"Nimekuja kumwomba Korotimi."

Desturi ilitaka mzee ajibu pale pale, kwa ndiyo au kwa kimya, na msichana awe jikoni anajifanya hasikii. Bibi Sanaba hakujibu. Alijigeuza taratibu mpaka magoti yake yakamwelekea mjukuu wake, akamshika mkono wenye tope.

"Ameniomba mimi," alisema, "lakini mwenye mali ni wewe. Nisije nikatoa kitu cha mtu bila kumuuliza. Unasemaje?"

Majirani juu ya ukuta waliguna, maana jambo kama hilo halikuwahi kusikika Dorobugu. Korotimi alimtazama Siriman, aliyekuwa bado amepiga magoti, macho mekundu, akingoja, na safari hii akingoja kweli, kama mtu anayejua kwamba jibu linaweza kuwa hapana.

"Nampa, Bibi," alisema.